Saa Nane na Dakika Arobaini

Muhula uliopita mwenzetu mmoja alizuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani kwa sababu ya mistari michache ya kodi niliyoiandika mimi. Nasimulia kwa kuwa wengi mlisikia tu kwamba "tovuti ya ratiba ilizingua". Haikuzingua. Ilifanya nilichoiambia.

Kazi ilikuwa hivi. CR wa kila kozi ananitumia faili la YAML, yaani maandishi ya kawaida yaliyopangwa: somo, siku, ukumbi, saa. Kabla tovuti haijapanda hewani, skripti ya Python kwenye laptopu yangu inasoma mafaili yote, inayageuza kuwa JSON, na kurasa zinatengenezwa kutoka humo. Ugeuzaji unafanyika mara moja tu, kwangu. Simu yako inapokea ukurasa ulioiva na bando lako linapona. Mpaka leo naona huo ndio mpango sahihi.

Shida ni kwamba ma-CR hawaandiki saa kwa namna moja. Huyu 14:00, yule 1400. Badala ya kuwarudishia mafaili (nani anataka kugombana na CR wiki ya mitihani?) nikaongeza kodi kidogo: ukikuta saa haina nukta mbili, ziweke kabla ya tarakimu mbili za mwisho. Nikajaribu na faili la kozi yangu, lililoandikwa 1400. Safi. Nikapandisha Jumapili usiku, nikalala.

Nilichokuwa sikijui ni hiki. YAML toleo la 1.1, ambalo maktaba ya PyYAML hulifuata, husoma namba zenye nukta mbili kama hesabu ya msingi wa 60. 14:00 isiyowekwa ndani ya alama za kunukuu si saa tena, ni 14 mara 60: 840. Toleo la 1.2 la mwaka 2009 liliachana na mambo hayo, ila mimi sikuwa nalo. Tena 08:00 haiguswi, kwa sababu kanuni hiyo inataka namba isianze na sifuri. Kwa hiyo mitihani ya asubuhi yote ilitoka sawa, na kwa kozi nyingine hiyo ndiyo niliyoikagua.

Skripti ikaikuta 840 haina nukta mbili, ikasaidia: 8:40. Ukurasa ukaandika "Mchana, 8:40".

Ingetoka 5:17 mtu angeuliza. Lakini kwetu 14:00 ni saa nane mchana, na saa nane na dakika arobaini haimshtui mtu. Walioponzeka ni wa CR aliyeandika vizuri kuliko wote.

Dada huyo alifika saa nane na dakika thelathini na tano, akijua amewahi. Mtihani ulianza saa nane kamili, na kwetu ukichelewa nusu saa huingii. Jioni akanifuata kantini. Hakupiga kelele. Akanionyesha ule ukurasa kwenye simu.

"Kaka, hii uliiangalia wewe mwenyewe?"

"Niliangalia."

"Ya kwetu?"

Nikanyamaza.

Kesho yake tulikwenda wote idarani, nikajieleza. Akapewa mtihani maalumu, lakini miezi miwili baadaye, wenzake wakiwa field. Ilibidi akatishe ya kwake mkoani na kupanda basi. Nauli nilichangia nusu. Boom lilikuwa limeshakwisha.

Skripti ya sasa haimsaidii mtu. Saa lazima iwe ndani ya alama za kunukuu, "14:00", tarakimu mbili, nukta mbili, tarakimu mbili. Ikikuta namba tupu inagoma kujenga tovuti, na inataja faili na mstari wenye kosa. Ma-CR wanalalamika kwamba nimekuwa na roho mbaya. Juzi imegoma mara 11 usiku mmoja, na kila mara nimempigia mwenye faili simu.

Yeye hajaifungua tena. Anapiga picha ubao wa matangazo.