Picha Moja kwa Juma



Tulianza Dominika ya Kwanza ya Majilio, pamoja na vijana wenzetu wa Chanji: kila juma picha moja ya simu, kwa majuma 52. Noeli na Pasaka hazikutusumbua, kwa maana kanisa lilikuwa limepambwa na watu wamependeza. Kazi ilikuwa Kipindi cha Kawaida, chenye majuma 33 au 34. Julai, tukiwa likizo, baridi ya Ufipa ilikuwa kali na sherehe hakuna. Tupige nini?

Tulimkuta bibi mmoja akipeta maharage, tukamwomba ruhusa. Akasema, "Wajukuu zangu, kaeni kwanza tuongee."

Tulikaa. Ndipo tulipojua kwamba tangu miguu imshinde hajapokea Komunyo. Tulimweleza Paroko, na juma lile lile bibi akapelekewa Ekaristi nyumbani.

Aristotle alifundisha kwamba falsafa huanza na mshangao. Lakini anayepita mbio atashangaa nini? Picha ya juma lile ni ungo na mikono ya bibi. Majilio yanakuja, tunaanza tena. Nawe, ndugu msomaji, jaribu. Ila uketi kwanza.