Nairobi kwa Kupitia Addis

Mwaka 1977 ulipoanza nilikuwa karani wa tiketi mjini Dar es Salaam. Enzi hizo tiketi iliandikwa kwa mkono. Ulikandamiza kalamu mpaka kaboni nyekundu ipenye kuponi zote, na jioni unarudi nyumbani na vidole kama vya bibi harusi.

Safari ya Nairobi niliweza kuiandika nimefumba macho. Ni kilomita 660 hivi kutoka uwanja hadi uwanja. DC-9 ya East African Airways iliimaliza kwa takriban saa moja. Fokker ya mapangaboi ilichelewa kidogo, saa moja na nusu na ushei. Wafanyabiashara waliondoka asubuhi na mkoba tu, wakarudi jioni.

Shirika lile lilikuwa la nchi tatu za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kenya, Tanzania na Uganda, nazo zilikuwa zimeshachoka kudaiana. Mapema mwaka ule ndege zikasimama. Februari serikali yetu ikafunga mpaka na Kenya. Magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa upande wetu zikazuiliwa. Kenya ilikuwa imeshaunda Kenya Airways, nasi Machi tukaunda Air Tanzania. Mabango yalikuwa mapya, rangi mpya, ila njia ya Dar hadi Nairobi haikuwamo.

Ndipo akaja mzee mmoja wa Kariakoo, kanzu imenyooka, telegramu mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nikatie ya Nairobi, itakayotangulia."

Dada yake alikuwa amefariki Pumwani, Nairobi. Mzee alijua maziko hayatamsubiri. Alitaka awahi hitima.

"Ndege ya Nairobi hakuna, mzee. Itabidi upitie Addis Ababa."

"Addis ya Wahabeshi?"

Nikachukua rula nikamwonyesha kwenye ramani ya ukutani. Dar hadi Addis, kilomita 1,760 hivi. Addis kurudi chini hadi Nairobi, nyingine 1,160. Jumla karibu 2,900, mara nne na zaidi ya njia yenyewe. Angani ni saa nne hivi, ukiacha kulala Addis kungoja ndege ya pili. Kisha kuna kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na kibali cha fedha za kigeni, ambacho peke yake kingeweza kumaliza siku za msiba.

Mzee alifuata mstari wa rula kwa kidole. Ulipita juu ya mashariki ya Kenya.

"Kwa hiyo nitapita juu ya nchi yenyewe, niende Uhabeshi, halafu nirudi?"

"Ndiyo, mzee."

"Na rubani hawezi kutushusha?"

Wenzangu walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Lilikuwa swali la maana kuliko mengi yaliyoulizwa na wakubwa mwaka ule. Nikaandika tiketi, akalipa noti moja moja.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, marais Nyerere, Moi na Obote walipokutana Arusha. Mwaka uliofuata wakatia saini mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya, baada ya Mswisi Victor Umbricht kuzipitia hesabu kwa miaka: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Zilihesabiwa ndege, meli, mabehewa na karakana. Nauli ya Addis aliyolipa mzee wa Kariakoo haikuwamo.