Maji Yakimwagika

Wahenga walikwisha kata shauri: maji yakimwagika hayazoleki. Wahandisi wa kompyuta, hata hivyo, wamejenga ulimwengu mdogo ambamo maji huzoleka. Ndani ya kompyuta halisi huundwa nyingine isiyoshikika, iitwayo mashine pepe, yenye kumbukumbu yake, diski yake na saa yake. Mwenyewe akitaka, huisimamisha na kuiandika hali yake yote katika faili, hata hesabu iliyokuwa haijakamilika. Faili hilo likifunguliwa kesho au mwakani, mashine huendelea pale pale ilipokatizwa, haina habari kwamba ililala. Saa yake tu ndiyo huiumbua, kwani husoma wakati uliokwisha pita mpaka isahihishwe.

Juu ya mji wa Moshi ipo hifadhi kongwe zaidi. Theluji ya Kilimanjaro ilianguka tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka likafungia vumbi la majira yake. Mwaka 2000, Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, na wenzake walitoboa barafu ya Kibo wakatoa nguzo sita. Ndefu kuliko zote ilikaribia mita 51. Mwaka 2002 walikadiria kuwa tabaka za chini zina umri wa miaka ipatayo 11,700, na katika ukanda wa vumbi wakasoma ukame mkubwa wa miaka kama 4,000 iliyopita. Wapo wataalamu walioubishia umri huo. Lakini hata mabishano yahitaji kitabu kilichosalia.

Nguzo hizo zilipelekwa Columbus, kwenye vyumba vya baridi kali. Zasomeka, ila hazirudishi kitu. Barafu iliyofunika kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912 ilibaki takriban 2.6 mwaka 2000, nayo imezidi kupungua. Hakuna atakayeifungua nguzo ya Columbus, Kibo ikaendelea pale ilipokatizwa.

Msomaji asidhani kwamba mifereji ya Wachaga, inayonywesha migomba na mibuni, hutegemea barafu hiyo. Sehemu kubwa ya maji yake yatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa mlimani. Barafu imeachiwa japo nakala ya kusomwa. Msitu hauna faili popote. Hali yake imehifadhiwa katika miti iliyosimama tu, na shoka likipita, methali ya wahenga hurudia nguvu zake zote.