Pampu Juu ya Mteremko

Elimu ya daftarini na elimu ya mkononi ni ndugu wawili, lakini hawakai nyumba moja daima. Mimi nililitambua jambo hili kwa aibu.

Shamba la mama yangu liko Nyeri, katika mteremko, yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mto wapita mita 12 chini yake. Kwa miaka mingi mama aliteka maji kwa ndoo, akamwagilia kabichi zake. Kiangazi kimoja nilinunua pampu ya petroli kwa akiba ya mwaka mzima, nikaiweka juu, karibu na nyumba, wezi wasiifikie. Mpira niliuteremsha hadi mtoni. Majirani wakaja kutazama.

Niliijaza pampu maji, nikavuta kamba. Mtambo ulinguruma, maji hayakuja. Nikaongeza mafuta, nikakaza viungo, hayakuja. Siku mbili nilihangaika hivyo, na miche ikaanza kulala. Mama hakusema neno. Alichukua ndoo yake akashuka mtoni.

Usiku wa pili nilikumbuka somo nililolifundisha mara nyingi. Pampu haivuti maji. Huondoa hewa mpirani, kisha hewa ya nje, kwa uzito wake, huyasukuma maji ya mto yapande. Torricelli, Mwitalia, alilieleza jambo hilo mwaka wa 1644. Uzito huo huinua maji mita 10 hivi pwani; kwetu milimani, penye hewa nyepesi, ni mita 8 hivi, na kwa kawaida pampu haifiki hata hapo. Mtambo wenye nguvu mara kumi usingenifaa kitu. Lakini maji yakisha kuingia ndani ya pampu, kuyasukuma juu ni kazi ya mtambo wenyewe, nao waweza kuyapandisha mbali zaidi.

Alfajiri niliishusha pampu hadi ukingoni mwa mto. Maji yakapanda, yakatoka shambani kwa kishindo. Nusu ya miche ilikuwa imekwisha kufa.

"Mwanangu," mama akaniuliza, "jambo hili hukulijua?"

"Nililijua, mama," nikajibu. Na jibu hilo lilinichoma kuliko ujinga.

Tangu siku hiyo siwaulizi wanafunzi wangu kama wamelielewa somo. Nawauliza pampu wataiweka wapi.