Jalada Lisilo na Kitabu

Ndugu msomaji, riwaya yangu ya kwanza ya mambo ya anga niliisoma bila kurasa. Usicheke. Ilikuwa nyumbani kwa Bibi, Basotu, ndani ya sanduku la spana la mjomba. Kurasa zilikuwa zimekwenda moja moja, Bibi akifungia ugoro wake. Likabaki jalada tu, kwa sababu karatasi yake ngumu haikunjiki vizuri.

Mwaka ni 2005, nipo darasa la nne. Mama kanipeleka likizo kwao. Kwetu ni Dongobesh, upande wa Mbulu, vilima na vishamba vya kurithishana. Basi likishapita Haydom na kuingia Hanang, nchi inalala chini kama mkeka, na mlima Hanang umesimama peke yake kwa mbali. Nikadata.

Lile jalada nalo lilikuwa na uwanda kama ule. Uwanda mtupu, mchanga na mawingu, halafu angani limening'inia dude la chuma, kubwa kuliko kijiji. Tumbo lake la njano lina michirizi myeusi, madirisha yake madogo kama chawa. Jina la kitabu lilikuwa limeliwa na panya. Jina la mwandishi lilisomeka: Isaac Asimov. Jina la aliyechora halikuwepo, mbele wala nyuma.

Mjomba alikuwa fundi wa mitambo kwenye mashamba ya ngano. Akaniambia vitabu vya aina hiyo viliachwa na Wakanada. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kanada na serikali yetu walilima ngano Hanang chini ya shirika la NAFCO: mashamba 7, kila moja ekari 10,000 hivi. Wataalamu walikuja na matrekta, kombaini, na bila shaka vitabu vya kuulia usiku mrefu wa Basotu.

Jioni moja mjomba akanichukua nikaone uvunaji. Giza likiingia, kombaini likawasha taa. Vumbi likapanda, mwanga ukakatika ndani yake, na lile dude likawa linatujia taratibu huku linanguruma. Nakwambia, sikuona kombaini. Niliona jalada! Usiku ule niliamua nitakuwa mwandishi, maana niliamini ya anga yameshafika kwetu, bado tu mtu wa kuyaandika.

Kesho yake nikamwonyesha Bibi jalada, mbio mbio, nikimsimulia hadithi niliyoitunga mwenyewe. Bibi yangu Mbarabaig, maneno yake machache. Akalishika mbali na macho, akaligeuza, akaniuliza:

"Mjukuu wangu, ng'ombe wa hapa wako wapi?"

Nikamwambia, Bibi, hapo hakuna ng'ombe, ni sayari nyingine.

"Na kabla hilo halijatua, hapo palikuwa pa nani?"

Sikuwa na jibu. Nikaona Bibi kazeeka tu, haelewi.

Miaka ikaenda. Nikiwa chuo Arusha nikaanza kuwatafuta wachoraji wa majalada yale, ndipo nikakuta kwamba mtindo wa lile la kwangu una mwenyewe: Chris Foss, mzaliwa wa kisiwa cha Guernsey, mwaka 1946. Miaka ya 1970 majalada yake yalijaa kwenye rafu za Uingereza. Alitumia brashi ya hewa, ile inayopuliza rangi kama wanavyofanya wapaka rangi wa magari gereji, ndiyo maana chuma chake kinang'aa na vumbi lake ni laini. Vyombo vyake vilipachikwa kwenye vitabu ambavyo ndani havina habari hiyo. Foundation ya Asimov, kwa mfano, sehemu kubwa ni watu wamekaa vyumbani wanabishana! Lakini jalada linauza kwa mbali, na mteja wa stesheni hasomi, anatazama.

Nikarudi nyuma zaidi, nikamkuta Frank R. Paul, aliyechora jalada la toleo la kwanza la jarida la Amazing Stories, Aprili 1926. Alisomea usanifu wa majengo, na inaonekana: mashine zake zina uhai kuliko watu wake. Miaka ya 1950 Richard Powers akaja na maumbo ya ndotoni kwenye vitabu vya Ballantine. Nawahusudu wote. Ila nilivyozidi kutazama, swali la Bibi likazidi kunisumbua. Mara nyingi mno dude kubwa linatua mahali patupu. Na mahali patupu ni rahisi kuchora: unapuliza rangi moja, umemaliza.

Basotu haikuwa patupu. Ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na humo mlikuwa na bung'eda, vichuguu vya makaburi ya wazee wao wa heshima. Baadhi vililimwa pamoja na ngano. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani kudai ardhi yake. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa haki, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua. Haya yameandikwa katika vitabu vya sheria. Bibi hakuvisoma. Yeye aliyaona kwenye jalada.

Sasa nije kwenye kisa. Mwaka jana nilimaliza hadithi yangu ya anga, kijitabu cha kurasa 60, chombo kinatua Hanang. Mshikaji wangu mmoja, mkali wa kalamu, akanichorea jalada. Aisee! Chombo kinashuka, mlima nyuma, vumbi lina taa ndani yake. Nilivyoliona nikarudi kuwa na miaka kumi. Chini ya chombo, uwanda. Mtupu.

Bibi alikuwa ameshafariki. Ningeweza kunyamaza, na ukweli ni kwamba siku tatu nilinyamaza, maana jalada lilikuwa tamu. Siku ya nne nikamwambia mshikaji aongeze ng'ombe, boma na bung'eda moja. Akaja juu. "Unataka kuniharibia kazi? Nani ananunua ng'ombe kwenye kitabu cha anga?" Tukabishana mpaka tukanuniana wiki mbili.

Kilichotupatanisha si mimi kuwa na hoja. Nilimpeleka Basotu. Alizunguka na daftari lake bila kusema neno, akachora mpaka jua likazama. Tuliporudi akalichora jalada upya, bure.

Tumetoa nakala 50 kwa mashine ya stesheneri. Jina la mchoraji lipo mbele, saizi moja na langu, kwa maana Sani zilitufundisha mchoraji ana jina. Ndunguru tulimjua kama tunavyowajua wachezaji wa Simba na Yanga.

Ukikutana na kijitabu hicho kijiweni, msomaji, najua jicho litakimbilia kwenye dude. Halina ubaya, nami lilinivuta hivyo hivyo. Ila ukishalitazama, shuka chini, kona ya kushoto. Kuna bibi kizee kasimama na ng'ombe wake watatu, anatazama juu. Hakimbii. Anasubiri dude litue, aliulize swali.