Kwa Miguu Kutoka Bulongwa Hadi Ziwa Nyasa

Watu wengi wakisikia neno kipupwe hujikunyata. Huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya makoti mazito, ya kuota moto jikoni tangu magharibi, na ya sakitu nyeupe juu ya majani asubuhi. Walakini kwa mtu apendaye kutembea, hakuna majira bora kuliko haya. Mvua zimekwisha, njia zimekauka, mito imepungua, na jua la mchana halichomi. Ndiyo maana nataka kuwasimulia wasomaji wetu safari ya siku moja, ya kushuka kutoka Bulongwa, katika wilaya ya Makete, hadi Matema, ufuoni mwa Ziwa Nyasa, katika wilaya ya Kyela.

Tulikuwa watu watatu. Wa kwanza ni mzee mmoja wa kanisa, mwenye miaka 74, ambaye dada yake aliolewa huko chini zamani. Wa pili ni mjukuu wake, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kijana huyu amekwisha kufika Mbeya na Dar es Salaam, na Bahari ya Hindi ameiona, lakini Ziwa Nyasa, lililo chini ya milima ya kwao, hakuwa ameliona hata siku moja. Wa tatu ni mimi, niliyekuwa na barua za usharika za kupeleka. Watoto wa mzee hawakupenda ashuke kwa miguu, maana magoti yake si yale ya zamani. Yeye aliwajibu kwa neno moja tu: "Mara hii, halafu basi."

MILIMA NA ZIWA

Kwanza yafaa msomaji aelewe nchi hii ilivyo. Bulongwa ipo juu milimani, yapata mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa lipo mita 474 tu. Kwa hiyo mtu anayeshuka kwa siku moja huacha nyuma yake kimo cha mita 1,500 hivi. Na kwa kuwa joto hubadilika kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, msafiri huondoka asubuhi katika baridi na kufika jioni katika nchi ya migomba na minazi, bila kutoka katika majira yale yale ya kipupwe.

Milima hii inaitwa milima ya Livingstone, kwa jina la David Livingstone, aliyefika ziwa hili upande wa kusini mwaka 1859. Huo mteremko wake mkali si kazi ya mvua peke yake. Hapa ndipo linapopita Bonde la Ufa, ambapo ardhi ilipasuka, upande mmoja ukabaki juu na upande mwingine ukadidimia, na shimo lile likajaa maji. Wala ukuta wa mlima hauishii ufuoni. Waendelea kushuka ndani ya maji. Ziwa hili lina kina cha mita 700 hivi mahali penye kina kikubwa, nalo ni la tatu kwa ukubwa katika Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika. Samaki wake ni wa mamia ya namna, na wengi wao hawapatikani katika maji mengine yoyote duniani.

TUNAONDOKA

Tuliondoka saa 12 asubuhi siku ya Ijumaa, baada ya sala fupi nje ya nyumba ya mzee. Sakitu ilikuwa ikivunjika chini ya viatu kama chumvi ya mawe. Tulipita kati ya mashamba ya viazi, ngano na pareto, na vichaka vya mianzi. Mianzi hii ndiyo itoayo ulanzi wakati wa masika, na juu ya ulanzi sisemi zaidi, maana wengine wasomao gazeti hili wanaujua kuliko mimi.

Njia haianzi kuteremka mara moja. Kwanza hupanda na kushuka vilima, hata mgeni akadhani kwamba amedanganywa. Jua lilipopanda tulivua makoti, na saa 3 na nusu tukafika ukingoni. Hapo ardhi yaisha ghafla. Mbele yetu hapakuwa na kilima kingine, bali nafasi tupu, na mbali chini, ziwa. Rangi yake ilikuwa ya bluu iliyokoza, na upande wa pili milima ya Malawi ilionekana kama moshi.

Kijana alisimama asiseme neno. Hatimaye akauliza, "Babu, siku zote hizi lilikuwa hapa?"

Mzee akacheka. "Lilikuwa hapa kabla yangu. Wewe ndiye hukuwa hapa."

KUSHUKA

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Mimi naongeza kwamba kushuka ni kazi ngumu kuliko kupanda, maana kupanda hukata pumzi tu, lakini kushuka huyatesa magoti, mapaja na vidole vya miguu. Mzee alitufundisha kushuka kwa kupinda, bila kukazana moja kwa moja, tena kwa hatua fupi, na fimbo ikitangulia mbele. Kila baada ya nusu saa alikaa juu ya jiwe, akanywa maji kidogo, akatutazama kana kwamba sisi ndio tuliochoka.

Kadiri tulivyoshuka nchi ilibadilika. Majani mafupi ya milimani yalikwisha, ikaja miti ya mabondeni, halafu miembe na mashamba ya mihogo. Ndege walikuwa wa sauti nyingine. Hata hewa ilikuwa na harufu nyingine. Nilipotoka Bulongwa nilikuwa na fulana mbili, shati, sweta na koti. Saa 8 mchana nilikuwa na shati tu, na mengine yote yalikuwa mzigo mgongoni.

Njiani tulikutana na akina mama wawili tu, wakipanda na dagaa wakavu waitwao usipa, na mmoja wao alikuwa na chungu kichwani. Tuliamkiana kwa heshima, tukapeana habari za huku na huko. Walipokwisha kupita, mzee alisema kwamba katika ujana wake njia hii ilikuwa kama njia ya sokoni. Viazi, maharage na ngano vilishuka; samaki na vyungu vilipanda. Wakinga wa juu na Wakisi wa ufuoni walijuana kwa majina, wakaozana, na wakazikana.

Nilimwuliza kama anazichukia barabara. Akasema, "Hasha! Barabara ni neema. Mimi nimebeba wagonjwa kwa machela katika njia hii, na wengine hatukufika nao. Sitaki mama mjamzito abebwe tena namna hiyo. Ninachohuzunika ni hiki: samaki anazunguka Tukuyu na Isyonje na uwanda wa Kitulo, anafika kwetu. Samaki anakuja, lakini mtu aliyemvua haji."

NJIA PANDA

Kiasi cha saa 9 tulifika mahali ambapo njia yagawanyika. Zote mbili zilikuwa zimeota majani, na kwa macho yangu zilikuwa sawasawa. Mzee akaketi chini, akamwambia mjukuu wake achague.

Kijana alizitazama, akaelekeza kidole upande wa kushoto, kwa sababu ulikuwa mpana zaidi. Mzee akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba njia ile ni ya ng'ombe waendao kunywa maji, na mbele yake kuna genge. Miaka mingi iliyopita kijana mmoja kutoka juu aliifuata jioni akiwa peke yake, akaanguka, akavunjika mguu, akalala korongoni usiku kucha hata wachungaji wa ng'ombe wakamwokota asubuhi. Alipona, lakini hakutembea tena sawasawa.

"Nani mwingine anajua habari hii ya genge?" nikamwuliza.

Mzee akahesabu kwa vidole. Alipofika kidole cha tatu akasimama, maana wa tatu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Basi alimwamuru kijana akusanye mawe, ayapange katika mdomo wa njia ile ya kushoto, na kuifunga kwa matawi. Halafu akamfanya ataje kwa mpangilio alama zote tangu ukingoni: mwamba uliopasuka, kijito cha kwanza, mti mkubwa uliopigwa na radi, kijito cha pili, njia panda. Kijana alikosea mara mbili. Mzee alimrudisha mwanzo kila mara, bila kumkaripia, kama mwalimu afundishaye katekisimu. Mara ya tatu akazitaja zote.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini mzee amekataa kwenda kwa gari. Yule dada angeweza kumfikia kwa gari kwa siku mbili bila kuumiza goti. Lakini alama zile hazionekani kutoka dirishani.

UFUONI

Tulifika Matema saa 11 jioni. Ufuo wake ni wa mchanga, na nyuma yake mlima umesimama wima hata mtu hushangaa kwamba ametoka huko. Upepo wa kusini ulikuwa ukivuma, kama kawaida ya miezi hiyo, na mawimbi yalikuwa makubwa. Mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu, wavuvi wakingoja upepo utulie.

Dada yake mzee alikuwa ameketi nje ya nyumba yake akianika samaki. Aliinua macho, akamtazama yule mtu aliyekuja na fimbo, akaweka chini ungo wake.

"Kaka, umeshuka?"

"Nimeshuka."

Walishikana mikono kwa muda mrefu bila kusema neno. Halafu bibi akamgeukia kijana, akauliza ni mtoto wa nani. Mzee akamjibu, "Huyu ni mjukuu wetu. Ndiye atakayekuja badala yangu."

Usiku ule tulikula wali wa Kyela kwa samaki, na barua zangu nikazifikisha. Bulongwa imo katika Dayosisi ya Kusini Kati, na Matema imo katika Dayosisi ya Konde. Hii ni mkoa wa Mbeya na ile ni mkoa wa Njombe. Katika karatasi sisi ni wageni. Lakini tukumbuke kwamba wamisionari wa Berlin walifika upande huu wa kaskazini ya ziwa mwaka 1891, na katika miaka iyo hiyo ya 1890 habari njema ikapanda kutoka huku chini hadi Ukinga. Haikupanda kwa gari, ila kwa miguu ya watu, na wengi wao walikuwa wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa.

SOKO LA VYUNGU

Jumamosi asubuhi tulitembea kandokando ya maji hadi Lyulilo, mahali penye soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe huleta kazi zao kwa mitumbwi. Vyungu hivi hufinyangwa kwa mikono, hulainishwa, hutiwa nakshi, na kuchomwa kwa moto wa wazi. Huko kwao mlima umeingia majini hata nafasi ya kulima ni haba, ndiyo maana tangu zamani chungu kimekuwa shamba lao: kwa hicho hupata nafaka. Vyungu vya Wakisi husafiri mbali, hata Mbeya na Dar es Salaam.

Kijana alinunua kimoja kwa fedha aliyopewa na bibi yake.

SHAURI KWA WASOMAJI

Atakaye kufuata njia hii asiende peke yake, bali atafute mwenyeji anayeijua. Akiuliza usharikani Bulongwa hatakosa msaada. Aondoke mapema, maana safari ni ya siku nzima na giza la mlimani halina huruma. Avae viatu vilivyokwisha kuzoeana na miguu yake, achukue fimbo, maji na chakula, na nguo za kuvua moja moja. Wakati wa mvua asijaribu. Mwenye magoti mabovu aweza kuzunguka kwa gari. Siku hizi barabara ya lami yafika Matema.

Nami nawasihi wazazi waishio mahali penye njia za namna hii: watembezeni watoto wenu katika njia hizo mngali na nguvu, mkiwatajia mito, miamba, na nyumba za ndugu zilizo mwisho wa njia. Shule hufundisha mengi mema, lakini genge lililo nyuma ya mti fulani halimo katika kitabu chochote.

Jumatatu mzee alipanda gari kurudi nyumbani kwa kuzunguka, kama alivyowaahidi watoto wake, nami nikafuatana naye. Kijana aliomba kurudi kwa miguu pamoja na wafanyabiashara wawili wa samaki waliokuwa wakipanda. Tulipofika Bulongwa siku ya pili yake tulimkuta ameketi karibu na moto. Chungu kilikuwa mezani, kizima, bila ufa.