Nani Hakusema Neno Wiki Hii?

Shule yetu ya bweni ilikuwa Tabora, mahali Reli ya Kati inapogawanyika kwenda Kigoma na Mwanza. Kila shule ilipofunguliwa, treni ilitushusha na masanduku yetu ya bati: wa Kasulu, wa Shinyanga, wa Dodoma, wa Dar es Salaam. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kitabu cha kemia kilikuwa kimoja kwa kundi zima, kwa hiyo jioni, baada ya ugali na maharage, tulikutanisha madawati tukafanya diskasheni. Umeme ukikatika tuliwasha karabai. Kila kundi lilikuwa na kiongozi wake. Mimi niliongoza moja la kidato cha tatu.

Jumamosi mwalimu wa taaluma alitukusanya viongozi chini ya mwembe nyuma ya maabara. Hakuuliza tumefika mada gani. Aliuliza, "Nani hakusema neno wiki hii? Na kwa nini?"

Hilo "kwa nini" lilitutoa jasho. Mmoja ananyamaza kwa kuwa hajui. Mwingine anajua ila anaogopa Kiingereza. Yupo anayefikiri taratibu, na akiwa tayari kusema, wenzake wameshahamia swali jingine. Na yupo aliyepokea barua mbaya kutoka nyumbani mchana ule. Ukiwaambia wote "changieni basi", unazidi kuwafunga midomo. Kuhusu Kiingereza, Mwalimu alituruhusu tuanze kwa Kiswahili mradi jibu la mwisho liandikwe kwa Kiingereza, maana mtihani wa taifa ungekuja kwa lugha hiyo. Naamini hadi leo kwamba ruhusa ile iliwafungua wengi.

Kwa wasemaji sana alikuwa na dawa moja: "Mpe chaki." Kundini kwangu alikuwepo msichana wa Dar es Salaam, mchangamfu, mwenye moyo mzuri, aliyejibu swali kabla halijaisha. Nikampa chaki aandike ubaoni wanayosema wenzake, kwa maneno yao wenyewe. Ili aandike ilibidi asikilize, na asipoelewa ilibidi aulize. Nimefundisha miaka mingi tangu wakati ule, na sijaona mbinu inayoizidi hiyo.

Usiku mmoja tulikwama kwenye mole. Kitabu kilisema ni chembe 6.02 × 10²³, tukakariri hivyo hivyo. Mwenzetu wa Urambo, binti wa mwenye duka, hakuwa amechangia lolote tangu muhula uanze. Mchana nilimpelekea swali bwenini, kama Mwalimu alivyotuelekeza: anayefikiri taratibu apewe swali mapema. Zamu yake ilipofika aliinamia dawati. Nikasubiri. Msemaji wetu akafungua mdomo. Nikamwonyesha ubao kwa kidole.

"Baba anauza misumari," akaanza yule wa Urambo, kwa Kiswahili. "Hahesabu. Anajua misumari mia ya inchi mbili ina uzito gani, na mia ya inchi nne ina uzito gani. Mtu akitaka mia tano, anapima tu kwenye mizani. Mole ndiyo hiyo mia. Idadi ni ileile, uzito unategemea msumari. Kaboni gramu 12. Atomu za oksijeni, 16."

Chaki ilikwaruza hadi mwisho, kisha ikasimama.

"Sasa dada, oksijeni ya hewani je? Si zimeshikana mbili mbili?"

"Basi misumari imefungwa miwili miwili. Mole moja gramu 32."

Wakaendelea wao wawili, huyu anauliza, huyu anajibu, mpaka kengele ya kulala. Jumamosi nilimweleza Mwalimu, naye akawatuma pamoja kwenye makundi mengine yaliyokwama na mole: wa Urambo aeleze, wa Dar es Salaam aandike.